Saa Sita Mchana, kwa Ajili ya Kamera

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya tisa. Walimu kumi na mmoja wangali mikononi mwa watekaji, ndani ya shule yao wenyewe. Mmoja wao ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nyumbani chakula hakishuki. Rais ameagiza mpango wa uokoaji usianze bila saini ya Wizara yetu ya Ulinzi. Waziri amelazwa, saini, basi, ni yangu mimi naibu. Kanali wa kikosi cha uokoaji ameuleta mpango: Alhamisi, alfajiri. Alfajiri! Nani atatupiga picha? Waziri wa Habari, tumwitaye Kipaza, ndiye atakayewahi kutangaza. Nimefuta kwa wino mwekundu. Nimeandika: Ijumaa, saa sita mchana.

Jumanne, 4 Juni
Kanali hakubisha. Aliniomba tu, kwa adabu iliyonitia shaka, nikague mazoezi. Wameijenga shule ile kwa miti na magunia, kila mlango mahali pake. Akasema, Mheshimiwa, leo mateka ni wewe. Lala hapo, utulie. Nikalala na suti yangu, macho yamefungwa kitambaa. Sikusikia unyayo. Upepo ulinipita shavuni, mkono ukanikamata, na kabla sijavuta pumzi ya pili nilikuwa nje, juani, begani mwa mtu nisiyemjua. Sekunde thelathini na nane. Kila askari amezihesabu hatua zake gizani. Yule aliyenibeba aliniuliza kwa upole kama nimeumia. Sijapata kujiona mdogo kiasi hicho, wala salama kiasi hicho.
Kanali akataka kujua kama bado napenda mchana, watekaji wakiwa macho. Nilijibu kwamba nitatafakari. Nilikuwa namfikiria Kipaza.

Jumatano, 5 Juni
Rais ameniita. Mezani, mpango wenye wino wangu mwekundu. Hakupandisha sauti. Alisema sisi tuliochaguliwa kazi yetu ni kutamka ndiyo au hapana, na kulibeba neno hilo mpaka kaburini; saa na mlango tuwaachie wanaoingia. Kisha akauliza kama nilipokuwa nafuta nilimkumbuka shemeji. Nilitazama zulia. Nimeirudisha alfajiri na kutia saini. Sikujua kalamu ina uzito namna ile.

Alhamisi, 6 Juni
Wote kumi na mmoja wazima. Askari mmoja amevunjika mkono. Mke wangu alimpapasa mdogo wake uso, mara mbili, tatu, asiamini. Shemeji anasema hakusikia unyayo. Alisikia tu mtu akimuuliza kwa upole kama ameumia. Nikamjua: yule yule aliyenibeba. Nikawasimulia nami nilivyobebwa. Nimelia mbele ya watu.

Ijumaa, 7 Juni
Sifa zote ni za Kanali, na Kipaza ndiye aliyezisoma. Nimempigia Kanali kupendekeza marudio, kwa ajili ya historia: magunia yapo, askari wapo, saa sita kamili, nami mlangoni nikitoa amri. Aliuliza tu mateka atakuwa nani. Nimemwomba shemeji. Amenitazama weee, halafu akasema, shemeji, si ulale mwenyewe, umeshazoea.
Kumbe ana akili huyu. Anayebebwa ndiye anayepigwa picha.
Suti nimeipeleka kwa dobi.