Malalamiko ya Karani wa Lango Kuhusu Wanawake Wasiongoja Siku Saba

Kituo cha Afya cha Kowade,
Barabara ya Suna kwenda Homa Bay,
Alhamisi, Machi 13, 1969.

Kwa Bwana Katibu,
Kamati ya Kupambana na Mafua,
Homa Bay.

Bwana Katibu mheshimiwa,

Natumaini waraka huu utakukuta mzima, hupigi chafya, na jamaa zako vilevile. Mimi ni Cephas Bichage, karani uliyemweka wewe mwenyewe kwenye lango la kituo hiki Januari tarehe ishirini, mafua haya makali yanayozunguka dunia yalipotufikia. Ulinikabidhi kufuli moja, ufunguo mmoja, kitabu kimoja na fomu mia tano. Agizo lako lilikuwa fupi: mwenye dalili za mafua asiingie kituoni mpaka akae siku saba katika hema lililo nje ya lango. Nimelitii neno kwa neno. Sina lawama kwako hata kidogo. Lawama zangu ni kwa wanawake wa wilaya hii, hasa wajawazito, ambao wameamua kunivurugia kazi.

Lakini adabu yataka nianze na habari njema. Wodi ya wazazi haina mtu. Vitanda kumi na viwili vimetandikwa shuka nyeupe tangu mwisho wa Januari na hakuna aliyevigusa. Desemba walilazwa wanawake arobaini na watatu, Februari hakulazwa hata mmoja. Mgeni kutoka Kamati yako alipoona hivyo alinishika mkono na kusema huu ni ushindi, maana bila shaka wanawake wamepona. Nami nilifurahi sana. Sasa malalamiko.

1. Wanawake wanajibu fomu vibaya. Fomu ina maswali matano ya dalili: Je, unatoka jasho? Je, unahema kwa kasi? Je, mgongo na kiuno vinauma? Je, maumivu yanakuja na kuondoka? Je, umekosa usingizi? Bwana Katibu, kila mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayefika hapa anajibu ndiyo mara tano! Si mmoja, si wawili, ni wote. Mwanzoni nilidhani mafua yamewapenda wajawazito kuliko watu wengine. Basi nawaelekeza hemani, nawaandikia tarehe ya kutoka. Na kwa kuwa mimi ni Msabato, Jumamosi sihesabu, kwa hiyo siku saba kwangu ni nane. Nilitarajia shukrani kwa uaminifu huo. Mmoja alinitupia kiatu.

Asiye na dalili hata moja naye hana sababu ya kusumbua. Huyo ni mzima, na kituo cha afya si mahali pa wazima, kwa hiyo namrudisha kwake. Nimeufikiria utaratibu huu usiku na mchana na sijaona kasoro.

2. Hawamalizi siku zao. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mwanamke anaingia hemani Jumatatu akiwa mmoja, Jumanne wako wawili, na wa pili hakuandikishwa. Je, naye aanze siku zake saba upya, au ahesabiwe pamoja na mama yake? Nimekuandikia kuhusu jambo hili mara tatu. Wengine hata hemani hawafiki, wanazaa pale pale njiani, hatua ishirini kutoka mezani kwangu, huku mimi bado nauliza swali la nne.

Hapa nieleze jambo la majina, maana wewe ni mtu wa pwani. Wajaluo humpa mtoto jina kwa namna alivyokuja. Wa mvua ni Okoth au Akoth, na wa njiani ni Oyoo au Ayoo. Kabla ya mafua tulikuwa na Oyoo mmoja kwa mwaka, naye ilikuwa ni ajali ya mama yake kuchelewa sokoni. Sasa katika kitabu changu nina Oyoo sita na Ayoo watano kwa wiki saba. Miaka ijayo mwalimu ataita "Oyoo" darasani, nusu ya darasa isimame. Mimi ni Mkisii. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, ili aliyeondoka asipotee kabisa. Mwanangu wa kwanza anaitwa Ombui kwa jina la marehemu baba yangu. Hakuna Mkisii mwenye akili zake atakayempa mtoto jina la barabara.

3. Mama Filister. Huyu ni mkunga wa kienyeji, nyamrerwa kama wanavyoita hapa. Alipoona wanawake hawaingii, alileta mkeka, sufuria na mwavuli mweusi, akakaa nje ya lango langu. Sasa ana kazi nyingi kuliko daktari. Amechukua benchi la serikali, lile refu, analilazia wateja. Nilipomwonyesha agizo lako lenye muhuri alilitazama akasema, nanukuu: "Karani, mtoto hajui kusoma. Toa mguu, nipite." Halafu akanituma maji ya moto, na mimi kwa kuduwaa nikaenda kuyaleta. Naomba hilo lisiingizwe katika faili langu.

4. Mikono ya Sista Mellen. Huyu ni muuguzi wa wodi ya wazazi, hodari, lakini tangu wodi ikose watu amekuwa hatulii. Kila Filister anapoita, Sista Mellen anakimbilia uzio na kupenyeza mikono kwenye waya mpaka mabegani. Mikono hiyo inatoa mkasi, pamba na dawa ya kuzuia damu, na siku moja ilimpokea mtoto aliyetangulia miguu. Mwili wake, nakiri, haukutoka kituoni. Lakini mikono ilitoka, tena ikarudi. Je, mikono ikae hemani siku saba? Nilimshauri aiache nje, akaenda kuinawa.

5. Dolphine, mke wa Walter, kutoka upande wa Ogwedhi. Huyu aliniharibia kitabu, nami nataka nieleze polepole, kwa sababu sijui niliweke wapi jambo lake. Alifika Jumatatu, Februari tarehe kumi na saba, mimba ya miezi minne, mumewe amemkalisha juu ya baiskeli. Nilimsomea maswali yote matano. Jasho hakuwa nalo, alikuwa wa baridi. Hakuhema kwa kasi, alipumua kidogo kidogo. Kiuno hakikumuuma tena, alisema kimenyamaza. Kwa kifupi alikuwa mzima wa fomu kuliko watu wote niliowahi kuwapokea. Alikuwa anatoka damu tu, na leso yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye kiti cha baiskeli, lakini damu haimo katika maswali matano.

Sikumfukuza, Bwana Katibu. Nataka ujue hilo. Chini kabisa ya fomu pana nafasi ya "Mengineyo", nikaandika hapo kwa mwandiko wangu mzuri: shida ya kike. Kwa kuwa Kamati hujadili mengineyo kila Alhamisi, nikamwambia arudi Alhamisi. Alisema, "Asante, karani." Walter akaigeuza baiskeli.

Alhamisi niliweka kiti tayari. Hakuja. Jumatatu iliyofuata alikuja Walter peke yake, kwa miguu, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kugomba. Alisema tu: "Karani, futa hiyo jina. Hakuna mtu ya kukuja. Tulimzika jana." Nimetafuta katika maagizo yako yote namna ya kufuta jina na sijaiona. Kwa hiyo jina bado limo kitabuni, na kila asubuhi nikifungua kitabu nalisoma. Nalalamika kwamba hakurudi siku niliyompangia. Sijui nalalamika kwa nani.

6. Mwisho, nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu Phelesia ni Mjaluo wa kisiwa cha Mfangano, na ana mimba ya miezi tisa kasoro siku chache. Ombui alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari alituambia wazi kwamba wa pili asizaliwe popote ila hapa ndani, la sivyo tutampoteza mama au mtoto au wote. Mimi kama mtu wa sheria nilimshauri aingie hemani mapema, amalize siku zake saba, ndipo uchungu uanze kwa utaratibu. Alikataa. Anasema hana mafua, na uchungu hautumi barua. Tangu habari ya Dolphine ananipakulia ugali bila kunitazama. Mambo ya ofisi sasa yananifuata mpaka mezani kwangu, jambo ambalo si haki kwa mtumishi wa umma.

Kwa hayo yote, naomba Kamati yako itoe agizo jipya. Kwanza, litangazwe soko la Ogwedhi, Suna na visiwani kote kwamba mimba zote zisimame zilipofika mpaka mafua yaishe. Ikiwa hilo ni gumu, basi kila mtoto atoe taarifa ya siku nane kabla ya kuzaliwa, Jumamosi isihesabiwe. Ikiwa nalo ni gumu, damu iongezwe kwenye maswali, yawe sita, ili mtu akija tena kama yule niwe na mahali pa kumwandika. Hili la mwisho nakuomba sana, hata kama mengine utayakataa. Na tafadhali nirudishieni benchi langu.

Nisalimie wanakamati wote, na dereva wako, na yule mzee mpiga chapa aliyeziandika fomu kwa unadhifu mkubwa. Wa hapa wote hawajambo, isipokuwa niliowataja.

Ni mimi mlinzi wa agizo lako,
ufunguo kiunoni,
Cephas Bichage, Karani wa Lango.

Nyongeza, Ijumaa asubuhi:

Bwana Katibu, jana saa kumi nilikuwa nalamba bahasha nilipomwona Phelesia anakuja barabarani, Filister amemshika kiunoni. Nilitoa fomu. Namwogopa Mungu, nasema kweli, nilitoa fomu. Nilimuuliza maswali matano akajibu ndiyo mara tano, nikaanza kumhesabia siku. Filister alimpapasa tumbo, akasema: "Mtoto amelala kwa kukingama tumboni. Huyu si wangu, ni wa kisu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Filister akiogopa.

Phelesia alishika meza yangu kwa mikono miwili. Alisema: "Cephas, Dolphine uliambia arudi Alhamisi. Leo ni Alhamisi. Fungua."

Ufunguo ulikataa kuingia. Nililivunja kufuli kwa jiwe. Wanawake wanne waliokuwa hemani waliinuka wakapita nyuma yetu, na sikumwandika hata mmoja. Sista Mellen alimfunga kila mmoja kitambaa puani na mdomoni, akawapeleka upande mwingine wa wodi karibu na dirisha, basi ikawa imetosha. Tungeweza kufanya hivyo tangu Januari.

Kwa hiyo futa malalamiko yangu yote, isipokuwa la tano. Hilo lielekeze kwangu mimi, kwa jina langu kamili, na adhabu yake sitaikatia rufaa. Kufuli lako limo katika kifurushi hiki, vipande viwili. Usinitumie jingine. Benchi amebaki nalo Filister.

Daktari alimpasua, na mke wangu yu hai. Mtoto ni wa kike, amelazwa na mama yake kitanda namba moja, shuka imechafuka. Filister aliniuliza kwa mzaha kama huyu naye ni Ayoo. Nilimwambia hapana, huyu hakuzaliwa njiani, na kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Kisha nikachukua baiskeli nikaenda Ogwedhi kumwomba Walter ruhusa, maana marehemu hakuwa wa ukoo wangu. Alikubali kwa kichwa.

Mtoto anaitwa Dolphine. Tafadhali mwandike.