Malalamiko Kuhusu Kuondolewa kwa Jina Langu Katika Kichwa cha Ukurasa wa Pecel

Mtaa wa Banyuwening,
Madiun

Mheshimiwa Mkuu wa Mtaa,

Kwa unyenyekevu unaolingana na umri wangu, na kwa ukali unaolingana na kosa lililotendwa, naomba uisome barua hii ukiwa umeketi.

Ofisi yako, kwa nia njema, iliamua kwamba kila jiko dogo la mtaani petu liwe na ukurasa mtandaoni. Kazi hiyo ulimkabidhi Wicaksono, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Kwa mgahawa wa mke wangu, Mama Ratri, anayeuza pecel, yaani mboga za kuchemsha zilizomwagiwa mchuzi wa karanga, nilikitunga mwenyewe kichwa cha ukurasa, kwa utaratibu uleule tunaoufuata katika kadi za harusi, yaani mtu na shahada zake kwanza, shughuli baadaye: "Drs. H. Soekardjono Mangunprawiro, S.Pd., M.M., Akiwa Pamoja na Mkewe, Anayo Heshima Kuwakaribisha Kula Pecel." Kilikuwa kichwa kilichonyooka.

Nakiri kwamba mashine ya kutafutia hukata vichwa virefu, na changu ilikikata kabla hakijamfikia mke wangu, sembuse pecel. Msimu mzima wa mvua ukurasa ulituletea mtu mmoja tu, naye alitaka mzee wa kuhutubia harusi ya binti yake. Nilihutubia. Lakini mboga za Mama Ratri zilinyauka, na mchuzi wake wa karanga tukaula wenyewe asubuhi na jioni, huku ng'ambo ya reli, kwa Bi Darsih, watu wakila wamesimama. Ndipo mke wangu aliponiambia, "Baba Ratri, mfungo ukiingia kabla ya wateja, nafunga mgahawa. Nakwenda Surabaya kwa mwanao kulea mjukuu. Wewe baki hapa na shahada zako, uzichemshe."

Wicaksono aliyasikia maneno hayo. Bila kuniomba idhini, alikibadilisha kichwa kikawa: "Pecel Madiun Tamu, Karibu na Stesheni, Wazi Alfajiri." Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina langu halimo. Nilipomhoji alijibu, "Baba Mkubwa, mwenye njaa hatafuti msomi. Anaandika pecel, anaandika stesheni, basi. Na sisi tunaweka hayohayo anayoyaandika." Nikamwambia kwamba huko ni kumwitikia mgeni kabla hajabisha hodi. Akacheka. Mtoto wa mdogo wangu, akacheka.

2. Neno "Tamu". Katika mji huu mwenye chakula husema, "Mtuwie radhi, hakuna kitu, kuleni hivyohivyo," hata kama meza imepinda kwa sahani. Kusifu ni kazi ya mgeni. Sasa tumemnyang'anya kazi yake kabla hajaketi.

3. Wateja wamekuja.

4. Tena wamekuja wengi mno. Kabla sijamaliza nyiradi zangu za alfajiri, baraza imekwisha kujaa watu na mabegi yao, na hakuna hata mmoja anayejua yuko nyumbani kwa nani. Jana kijana mmoja mwenye kofia ya chuo kikuu alinipungia mkono: "Mzee Pecel! Ongeza pilipili hapa, usinionee huruma!" Nikamweleza mimi ni nani, kwa ukamilifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, Mzee Pecel. Na kijiko." Nilikileta kijiko. Nalitaja hili ili ujue heshima ya walimu wastaafu imefikia wapi.

5. Bi Darsih amejibu mapigo. Ukurasa wake sasa unasomeka "Pecel Madiun Tamu Zaidi, Karibu Zaidi na Stesheni," ingawa jengo lake halijasogea hata unywele. Wicaksono naye anafikiria kutuandikia "Karibu Kabisa". Tukiendelea hivi, mwakani tutakuwa tunapika juu ya reli.

6. Jambo likiwa halali kwa pecel, litakuwa halali kwa kila kitu. Kadi ya harusi itaandikwa "Bwana Harusi Mpole, Ana Pikipiki, Mama Yake Anaishi Mbali." Msikiti utaandikwa "Hotuba Fupi, Viatu Haviibwi." Kaburi langu litaandikwa "Mwalimu Mkali Madiun, Kivuli cha Kutosha." Na bango la ofisi yako, Mheshimiwa, litaandikwa "Muhuri wa Haraka, Bila Njoo Kesho," jambo ambalo sote tutalisoma kwa mshangao.

Kwa hiyo nina maombi. Kichwa cha kwanza kirudishwe kama kilivyokuwa, pamoja na nukta zake zote. Tena, kwa kuwa kosa si la kichwa bali ni la watafutaji, ofisi yako iendeshe mafunzo kwa umma kila Jumapili, watu wafundishwe kwamba raia mwenye adabu anayetafuta pecel huanza kwa kuandika Doktorandus, akafuatisha Haji, akataja jina kamili na shahada kwa mpangilio wake, ndipo aitaje njaa yake. Niko tayari kufundisha bila malipo, ila si alfajiri, maana alfajiri nabeba sahani.

Unisalimie mama watoto, wanao wote, mkuu wa stesheni ukimwona, na makarani wako, pamoja na yule anayesinzia.

Wako katika usahihi,
Drs. H. Soekardjono Mangunprawiro, S.Pd., M.M.

Tanbihi: Bahasha ilikuwa bado mkononi mwangu lilipofika basi la akina mama wa kisomo cha Kurani kutoka Ngawi. Aliyetangulia kushuka aliuliza, "Mzee, choo kipo? Maana kwenye simu hamjaandika." Nilikuwa katikati ya sentensi dereva alipowapakia tena na kuwavusha ng'ambo ya reli, ambako, kumbe, Bi Darsih ameshaandika. Mama Ratri aliniangalia tu, upawa mkononi. Na juzi ndipo alipompigia mwanetu simu kusema kwamba Surabaya atakwenda baada ya Idi, tena kuwatembelea tu na kurudi. Basi nakusihi uyapuuze yote yaliyotangulia, na umwagize Wicaksono leo hii aandike "Choo Safi" mwanzoni kabisa. Nafasi isipotosha, aondoe "Madiun". Mji mtu ataukuta akishafika.