Mama Mkwe na Meno ya Tufani

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya iliyoanza vizuri. Asubuhi wametangaza: Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni, sehemu ya mwisho kabisa ya Tufani! Miaka mitano nimemfuata yule shujaa kwenye televisheni. Nimemwona akipuliza ghorofa mpaka likahama mtaa. Nimemwona akizikwa mara mbili. Jumamosi anapambana na adui yake mkubwa, Kutu, ambaye chuma chochote anachogusa kinaliwa na kutu papo hapo. Nilipiga kelele kazini mpaka kipande cha plasta kikaniponyoka. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Kwetu plasta ndiyo umbo la kinywa cha mgonjwa; ikianguka, limeanguka taya la mtu. Daktari, yaani bosi wangu, akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu. Nikafungua mlango. Mama mkwe kwenye kochi. Rimoti mkononi. Ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi saa kumi na moja ni saa ya tamthilia yake, ile ya matajiri wanaolia kwenye ngazi.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Daktari alimng'oa meno machache yaliyobaki, na sasa anangoja nimtengenezee mapya. Bila meno anaona aibu kuongea mbele ya mkwe wake, kwa hiyo anaguna tu. Kuna mmh ya kukubali, mmh ya kukataa, na mmh ya kwamba chai imepoa. Televisheni ni moja. Simu yangu imepasuka kioo, ukimwangalia Tufani humo ana pua tatu. Na mkwe haombwi rimoti. Heshima ni heshima.

Mke wangu anasema nimwombe tu. Hajui mikakati, masikini.

Jumanne, 7 Mei

Shemeji amepita jioni, kaka yake mke wangu. Eti kumsalimia mama yake. Amekuja kunichokoza. Yeye anauza matairi na ananiita Bwana Magego. Anajidai mpenzi wa filamu za sayansi. Sayansi! Kipindi chake kinahusu chombo cha angani kinachotafuta sayari ya kutua. Msimu wa nne huu, hawajatua. Nusu saa nzima wanaeleza injini inavyofanya kazi, kisha inazimika. Nikamwambia filamu za mashujaa hazina porojo: mtu kapigwa na radi, kapata nguvu, twende kazi. Akasema ndiyo maana mimi huuziwa chochote sokoni.

Filamu ya Tufani anaiangalia pia, eti ili aicheke. Tumebishana mpaka tukawekeana dau. Mimi nasema Tufani atakufa Jumamosi, halafu atafufuka kabla majina ya waigizaji hayajaanza kupanda. Ndiyo kanuni: kwenye filamu hizi maiti isiyoonekana si maiti, na inayoonekana imelala tu. Yeye anasema Kutu atashinda. Atakayekosea atasimama mbele ya ukoo mzima na kutamka kwamba mwenzake ndiye bingwa wa filamu, na yeye ni mbumbumbu. Tumeshikana mikono. Kisha akanikaribisha nikaangalie kwake, kwenye televisheni yake kubwa, ila nitakaa juu ya ndoo.

Nikaangalie kwake? Nife kwanza! Kabla ya kulala nimeificha rimoti.

Jumatano, 8 Mei

Rimoti nimeificha vizuri mno. Mama mkwe ameinuka, amebonyeza televisheni kwa kidole, amerudi kukaa. Aliyehangaika kuitafuta ni mimi. Mke wangu ameikuta ndani ya kiatu changu cha harusi. Alinitazama sana.

Lakini kichwa hiki hakikuwekwa kubeba kofia tu! Nimepata wazo nikiwa napiga mswaki. Mama mkwe yuko hapa kwa sababu gani? Meno. Alisema mwenyewe siku aliyofika: nikishapata meno, kesho yake niko kwenye basi. Meno yamepangwa kuwa tayari Jumatatu ijayo. Nikiyamaliza kesho, Ijumaa tunamsindikiza, Jumamosi rimoti ni yangu. Daktari kasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu yangu inazo.

Nimeinama kwenye benchi kutwa nzima. Mataya ya plasta mbele yangu, nta ya moto pembeni, napanga jino moja baada ya jingine. Mama mkwe alikuwa amenipa picha yake ya ujana ili nifuatishe. Nani ana muda wa kuitoa kwenye bahasha? Mkono unajua wenyewe. Ile hatua ya kumjaribishia mtu meno yakiwa bado kwenye nta, nimeiruka. Juu ya benchi langu kuna bango la Tufani anatabasamu, huwa linanipa moyo. Nikainua macho, nikapanga. Nikainua macho, nikapanga. Sijawahi kufanya kazi ikaninyookea vile.

Alhamisi, 9 Mei

Meno yametoka! Yanawaka. Daktari ameyashika, ameyageuza, ameuliza nani kachagua rangi hii. Nikasema mimi. Akauliza kama mgonjwa wetu ni bibi wa miaka sabini au ni taa ya gari. Nikasema Mama anapenda usafi.

Tukamvalisha. Akafunga mdomo. Akafungua. Yarabi! Tabasamu lile nalijua. Meno ya mbele mapana, yamejipanga kama vigae vya bafuni, na yale mawili ya pembeni yamechongoka kidogo. Nimemtia mama mkwe wangu meno ya Tufani!

Nikasubiri kofi. Sijawahi kupigwa na mkwe, lakini kila jambo lina mwanzo. Akaomba kioo. Akajitazama upande huu, akajitazama upande ule. Kisha akaongea, mara ya kwanza tangu ang'olewe. Akasema hata siku ya harusi yake hakuwa mzuri hivi. Akanikumbatia mbele ya wagonjwa wote, akaniita mwanangu. Machozi yalinitoka kidogo, sitaki kudanganya.

Halafu nikamuuliza kesho angependa basi la saa ngapi.

Ijumaa, 10 Mei

Haendi! Anasema meno mazuri namna hii hayaondoki mjini kimyakimya, lazima ndugu wayaone. Amepiga simu tangu alfajiri. Simu yenyewe ni yangu. Amewaalika kesho, saa kumi jioni. Wote! Shangazi za mke wangu, mjomba asiyesikia vizuri, binamu na wake zao, na shemeji juu yake.

Na anaongea. Jamani, anaongea! Maneno ya mwezi mzima aliyoyameza na supu, sasa yanatoka. Ameanza nami kwenye chai. Nikaenda chooni, akanifuata mpaka mlangoni, akamalizia hadithi ya mbuzi wa jirani yake kupitia tundu la kitasa. Nimejichimbia shimo mwenyewe, na nimelichimba vizuri.

Mke wangu kasema bado sijachelewa kumwomba. Nimemwambia aniache nifikiri.

Jumamosi, 11 Mei

Usiku umekwenda, lakini lazima niandike.

Saa kumi na nusu sebule imejaa mpaka watu wanakaa kwenye mikono ya kochi. Mama mkwe katikati, anageuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, ili kila mtu apate zamu yake ya tabasamu. Ndugu wanasifu. Mimi nina mpango: niugue ghafla, niende chumbani, nijifunike shuka na ile simu ya pua tatu. Nikaanza kukohoa. Shangazi mkubwa akaniletea maji ya moto, akasimama pale pale kuhakikisha nayamaliza. Ulimi wote umeungua.

Ndipo shemeji akaingia. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akamtazama tena mama yake. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, akasema Bwana Magego amemvalisha Mama meno ya Tufani!

Mama mkwe akauliza Tufani ni nani. Akanigeukia mimi. Nikaeleza, kwa sauti ya chini, macho kwenye zulia. Kwamba ni mtu anayepuliza upepo. Kwamba yuko kwenye bango kazini. Kwamba leo ndiyo mwisho wake, na kwamba unaanza sasa hivi. Nilikuwa tayari kufukuzwa kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Akasema mwenye meno haya lazima amwone, washeni. Nikanong'ona: na tamthilia? Akasema tamthilia hurudiwa kila Jumapili asubuhi, kwani tatizo lilikuwa nini, kwa nini sikusema? Mke wangu akashikwa na kikohozi, akakimbilia jikoni.

Nikawasha! Muziki ule wa mwanzo ukapiga, mwili wote ukanisisimka. Tufani akatua juu ya daraja, vazi lake jekundu linapepea, na mimi natazama kwenye kochi langu, kati ya watu wangu. Raha iliyoje! Ni kweli, mama mkwe aliongea mwanzo hadi mwisho. Akamhurumia Kutu. Akasema masikini ya Mungu, kijana hawezi hata kushika sufuria, nani anampikia? Shangazi wote wakahamia upande wa Kutu. Tufani alipompuliza akaangukia mtoni, wakasema huo si uungwana, angemwonya kwanza.

Nikawa mwalimu. Nikawafundisha kwamba adui akianza kueleza mpango wake, ameshashindwa. Mjomba akauliza kwa nini asianze kupiga, aeleze baadaye. Nikamwongezea chai. Lakini mkuu wa polisi alipotoa picha ya mkewe mfukoni, nikapaza sauti: huyo ameisha! Hata picha hajairudisha, gari likamwangukia. Shangazi wakanipigia makofi. Shemeji akanuna. Hiyo ndiyo ilikuwa enzi yangu, na ilikuwa fupi.

Kutu akavua kinyago, tukamwona uso kwa mara ya kwanza katika miaka mitano. Mama mkwe akainama mbele. Akasema hawa wamelala tumbo moja, angalieni meno. Shemeji akacheka. Mimi nikacheka zaidi. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba Mama, filamu hizi zina utaalamu wake. Hapo hapo Tufani akapiga magoti, akamwita Kutu kaka!

Hakufa mtu. Hakushinda mtu. Wakakumbatiana, na vifungo vyote vya vazi la Tufani vikaoza kwa kutu, na akacheka. Sebule ililipuka. Shangazi wanalia, binamu wanarukaruka. Mimi nimeganda. Yale meno mawili ya pembeni, yaliyochongoka! Kutu anayo! Ni kazi yangu, ndiyo inayonilisha, na sikuyaona.

Basi tukasimama, mimi na shemeji, bega kwa bega mbele ya ukoo. Tukatamka kwamba Mama ndiye bingwa wa filamu na sisi ni mbumbumbu. Mjomba akasema hajasikia. Tukarudia kwa nguvu. Sijawahi kushindwa nikafurahi kiasi hiki.

Jumapili, 12 Mei

Tumeangalia marudio ya tamthilia, mimi na mama mkwe. Si mbaya. Mwenye suti nyeupe si mtoto wa yule mzee, naona. Nimemwambia Mama. Akasema ndiyo kwanza nimeanza kutumia macho.

Jumatano, 15 Mei

Balaa. Mama anasema Ijumaa anaondoka. Na Ijumaa hiyo hiyo kinaanza kipindi kipya: wanaanga saba ndani ya chombo kimoja, mmoja wao ni roboti na hakuna anayemjua. Shemeji anadai ameshamjua, na ametaka dau lingine. Atakayekosea ataenda kwenye harusi ya binamu amevaa ndoo kichwani. Nimekubali, bila shaka. Nilidhani ninaye mama mkwe.

Na tena, hapa naandika ukweli, nyumba itapoa. Nimemzoea. Leo nimerudi kutoka kazini nikiharakisha ili tu nisikie yule mbuzi wa jirani amefanya nini tena.

Mke wangu anasema nimwombe abaki. Mkwe haombwi hivi hivi. Nina mkakati: nimemwambia Mama meno ya chini yanahitaji kung'arishwa. Kesho nitayakwangua kidogo tu kwa ndani, yacheze, asubiri marekebisho. Kidogo tu!

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwangua kupita kiasi. Ya chini na ya juu hayakutani tena. Daktari ameyatazama, akanitazama mimi, akasema yanatengenezwa upya yote, yatachukua wiki nzima, na nikiruka hatua hata moja nitafute kazi kwenye matairi.

Hata hivyo, mkakati umefaulu! Mama anabaki! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi, nikampa mke wangu habari. Akasema yeye alishamwomba tangu jana, kwenye chai, na Mama alishakubali. Haidhuru. Sasa amekubali mara mbili.

Baada ya chakula nikamletea Mama picha ya wale wanaanga saba. Nikamuuliza roboti ni yupi. Akasema mmh. Nikauliza, mmh ya huyu au mmh ya huyu? Mmh. Hana jino hata moja, aibu yake imerudi, haongei. Nikamwomba aonyeshe kwa kidole. Akaisogeza picha mbali, akaisogeza karibu, akatikisa kichwa. Vitu vya karibu haoni, na miwani yake aliikalia mwezi uliopita.

Hilo dogo. Nina rafiki fundi wa miwani. Nimempigia sasa hivi, nimemwambia aitengeneze upesi upesi iwe tayari kesho, mambo ya kupima macho ayaruke.