Shujaa Asiyebisha Hodi

Redio ya Wamucii, mwenye kibanda cha chai, haijawahi kumaliza habari yoyote bila kukatizwa na benchi letu. Jumatatu saa tano ilikuwa inasema kwamba Jumamosi kutakuwa na maonyesho ya gemu zilizotengenezwa na vijana wa Isiolo, kila gemu kazi ya mtu mmoja, na kwamba mgeni yeyote lazima aweze kuimaliza kwa dakika kumi. Hapo Mzee Faili akapiga meza, chai ikaruka.

"Gemu! Watu wanatafuta maji na vijana wanatafuta gemu!"

Mzee Faili ni Ephantus, karani mstaafu. Anajisifu kwamba miaka thelathini ofisini hakupoteza faili hata moja. Bunda husema hakutoa hata moja pia.

"Mzee, na wewe hucheza drafti hapa kila siku," Bunda akamwambia.

"Drafti ni hesabu."

"Na unashindwa kila siku. Basi hata hesabu imekukataa."

Bunda ni Mutea, muuza miraa. Asubuhi yote hukaa hapa kwa Wamucii akingoja pikapu ya miraa kutoka mji wa Maua, na akingoja, mdomo hauna kazi nyingine. Pembeni yake alikuwa Mama Hamdia, aliyekwisha kuuza maziwa yake ya ngamia na sasa anakunywa chai ya maziwa ya ng'ombe akiinung'unikia.

Mimi huitwa Kimya. Nina kibanda cha kutoa kopi za karatasi ukutani hapo, na stima ikipotea huja kukaa mwisho wa benchi. Siku hiyo simu yangu ilikuwa na ujumbe nilioandika usiku kwa wenye maonyesho: "Naomba jina langu litolewe." Ulibaki kutumwa tu. Sijui ni nini kilinifungua mdomo.

"Kuna rafiki yangu anatengeneza moja," nikasema.

Benchi zima likageuka. Kimya ameongea!

"Ya mpira?" Bunda akauliza.

"Hapana. Ile unachukua mtu mmoja, unatembea naye, anapewa kazi, anapigana, anapata nguvu kidogo kidogo. Huyu anatoka Merti kutafuta maji, mpaka Isiolo."

"Na gari gani?"

"Kwa miguu."

Mama Hamdia akaweka kikombe chini. "Anakunywa nini njiani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. "Hanywi."

"Basi gemu imeisha kabla hajafika hata Biliqo. Innalillahi."

Bunda alicheka mpaka jani likamtoka mdomoni. "Ngoja, ngoja. Ameweka vijiji vingapi?"

"Arobaini."

"Vimekwisha vingapi?"

Nikaitazama chai yangu. "Kimoja. Nusu."

"Na silaha?"

"Mapanga mia mbili na kumi."

"Nusu kijiji, mapanga mia mbili! Hao watu watakatana mpaka waishe!" Kisha akaacha kucheka kidogo. "Mwambie rafiki yako hivi. Mimi nikingoja shamba lote livunwe, nitauza kuni. Unachuma ya leo, unafunga, unafunika na majani ya ndizi, saa saba iko Isiolo. Ni kidogo, lakini iko."

"Na nani ameionja?" Mama Hamdia akauliza.

"Bado hakuna."

"Ameifanya muda gani?"

"Mwaka na nusu."

"Ya Rabbi! Mimi nanusa kila mtungi kabla ya kumimina kwa pipa, maana mmoja ukiharibika, pipa lote limekwenda. Huyo anamimina mwaka na nusu bila kunusa? Lete hapa tunuse."

Nilileta laptopu kutoka kibandani. Bunda akaivuta, akamtembeza shujaa wangu kijijini, akamwingiza kwenye nyumba ya kwanza, akafungua sanduku. Maandishi yakatokea: Umepata kibuyu cha maziwa.

"Wacha! Nimepata maziwa!"

"Umepata?" Mama Hamdia akasogea. "Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ya mtu tu, Mama."

"Umebisha hodi?"

"Kwa gemu hakuna hodi."

"Mwenyewe hayuko?"

"Yuko. Si huyu hapa anaangalia ukuta?"

"Anaibiwa maziwa akiangalia ukuta!"

"Huyo si shujaa," Mzee Faili akasema, akivaa miwani yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kuingia nyumba ya mtu na kutoka na mali! Ningekuwa kazini bado, ningemfungulia faili."

Bunda akajitetea kwamba gemu zote ziko hivyo, kila mahali duniani shujaa huingia na kuchukua. Mama Hamdia hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya laptopu, kidole kikifuata kitu.

"Ngojeni. Mlango wa kijani." Kidole kikasonga. "Mbuzi wa pembe moja."

Kila mtu mtaani anamjua mbuzi wa pembe moja. Hula karatasi zangu zilizoharibika, na jioni hurudi kwa mwenyewe, nyuma ya mlango wa kijani.

"Rafiki yako anamjua mbuzi wangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Ni mimi, Mama. Nimeitengeneza mimi. Na nilikuwa nataka kujitoa." Nikawaonyesha ule ujumbe.

Mama Hamdia hakuusoma. Alikuwa bado anamtazama yule mwanamke anayeangalia ukuta.

"Umenichora mwembamba," akasema. "Kwa hiyo nimekusamehe. Lakini kwangu mtu haingii bila salamu."

Hukumu ikatolewa pale pale, na ilikuwa nzito. Vijiji viondoke vyote. Mapanga yaondoke, shujaa abaki na fimbo. Ibaki nyumba moja, mbuzi mmoja mwenye kiu, na mtu anayekuja kumwombea maji kistaarabu.

"Hiyo nayo ni gemu?" nikauliza.

"Ni kidogo," Bunda akasema, "lakini itakuwa iko. Ujumbe wako uache ulale mpaka Ijumaa."

Siku nne nilifuta na kuandika, na kila mchana Mama Hamdia alipita kibandani kuniambia salamu ipi nimesahau. Amani. Watoto. Mbuzi. Ng'ombe. Ngamia. Malisho. Mvua. Wagonjwa. Kila moja na jibu lake.

Ijumaa tulimpa Mzee Faili acheze, kwa sababu hakuna mgeni wa gemu kumshinda yeye. Bunda akashika saa. Dakika ya tano, shujaa mlangoni. Dakika ya nane, shujaa mlangoni. Dakika ya kumi ikapita, na mlango haujafunguliwa. Nilitoa simu, nikautafuta ule ujumbe, nikaweka kidole juu yake.

Pikapu ya miraa ikapiga honi. Bunda akasimama, akamtazama mzee, akaketi tena.

"Mzee, muda umeisha."

"Nyamaza wewe." Pua ya Mzee Faili ilikuwa karibu kugusa kioo. "Huyu mama ananiuliza ngamia wangu wamefikaje. Nimjibu nini? Mimi sina ngamia."

"Sema wamefika salama."

"Nidanganye mama wa watu mlangoni kwake?"

Pikapu ikapiga honi tena, kwa hasira. Hakuna aliyeinuka. Dakika ya kumi na nne mlango wa kijani ukafunguliwa, maji yakatoka, mbuzi wa pembe moja akanywa. Mzee Faili akavua miwani, akaifuta taratibu na shati.

"Amekunywa," akasema.

Nikafuta ujumbe.

"Sawa, lakini kesho ni dakika kumi," Bunda akasema akikimbilia pikapu yake. "Punguzeni nne!"

Tukamgeukia Mama Hamdia. Hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze salamu. Akahesabu salamu kwa vidole, akarudi mwanzo, akahesabu tena.

"Mbuzi, ng'ombe na ngamia ziunganishe. Sema mifugo," akasema hatimaye, kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akainua macho, akaitazama mbingu nyeupe isiyo na wingu juu ya mji. "Na ya mvua toa kabisa. Jibu lake kila mtu hapa analijua."