Chai ya Maziwa Kabla ya Kisu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa. Kuanzia leo mimi siyo tu fundi cherehani wa hospitali, mshona mashuka na makoti ya kijani. Mimi ni mgonjwa wa maigizo. Madaktari wanaosomea ubingwa wa usingizi wana mtihani wa vitendo Alhamisi, na wanataka watu wazima wa kujifanya wagonjwa. Mama Profesa, mkuu wa mafunzo yao, aliingia mwenyewe chumba cha kushonea, akanitazama, akasema fundi una sura ya mtu mwenye wasiwasi. Nikashukuru. Sura yangu haijawahi kunipatia kitu kabla ya leo.

Kamanda naye amechaguliwa. Kamanda ni mlinzi wa geti kubwa. Atakuwa babu mwenye moyo mbovu. Anajisifu kwamba anaweza kutoa machozi ya jicho moja. Tukamwambia toa. Akatoa. Nimechukia.

Mama Profesa alitufafanulia. Kumlaza mtu ni kazi ndogo, kazi yenyewe ni kumjua kabla hajalala na kumlinda mpaka aamke na arudi kwake. Kwa hiyo mwanafunzi atatuhoji. Mimi ni mtu anayengoja kupasuliwa ngiri. Asubuhi nimekunywa chai ya maziwa, naficha kwa woga. Nikiulizwa kwa upole na kuelezwa hatari yake, nikiri. Nisipoulizwa vizuri, ninyamaze.

Sasa nikiri jambo hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Ngiri ninayo kweli. Naibana kwa mkanda niliojishonea. Mke wangu nimemwambia ni mkanda wa mgongo. Kisu nakiogopa kuliko kaburi. Kaburini angalau umeshakufa.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Niliuliza kosa la chai ni nini. Akanijibu binti mmoja wa mwaka wa mwisho, mpole, tunamwita Kimya. Akasema ukilala usingizi wao, koo linabaki halina mlinzi. Kilichomo tumboni kinapanda juu, kinateremkia mapafuni, na mtu anazama akiwa juu ya godoro kavu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Chakula cha mchana kilinishinda.

Kamanda akadakia kwamba koo lake yeye lina mlinzi wa kudumu. Wote wakaangua kicheko. Hata Mama Profesa.

Nimekata shauri. Alhamisi sikiri. Kukiri kila mtu anaweza. Msanii ni yule anayeficha mpaka mwisho. Watahini wageni wataulizana, huyu fundi mlimtoa wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kila mwanafunzi na mgonjwa wake. Mimi nikapangiwa Kimya. Hakusimama kama polisi, alivuta kiti akakaa. Akauliza kama nimekula. Hapana. Kunywa je? Hapana. Akanieleza tena habari ya koo, taratibu, akasema baba, ukiniambia umekunywa sitakugombeza, tutasogeza siku tu. Ndipo hapo nilipotakiwa kukiri. Ulimi ulikwisha kusogea.

Lakini Kamanda alikuwa mlangoni, kamaliza zamu yake, jicho moja bado limelowa, na mtahini mgeni anampa mkono. Nikasema sijaonja hata maji. Nikaapa kwa mama yangu mzazi. Kiapo hakikuwemo kwenye maelekezo.

Kimya akanishika mkono. Akasema nakuamini, baba. Akaniwekea barakoa usoni, ile tupu ya kufanyia mazoezi. Mtahini akatangaza kwamba mgonjwa ametapika usingizini, chai imeingia mapafuni. Wakahangaika nami kidogo. Kisha akatangaza nimekufa.

Nikabaki nimelala, nangoja makofi. Hayakuja. Nikafungua jicho. Yule binti alikuwa anakunja kile kipimo chake cha kusikilizia moyo, polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya ameanguka mtihani. Atarudia mwaka mzima. Kamanda anasema leo alipita getini bila salamu, na huyu ni mtu anayesalimia mpaka paka.

Sindano imenichoma vidole hadi shuka likawa na madoa. Kila mlango ukilia nadhani ni Mama Profesa. Akijua, kazi sina. Nitamwambia nini mke wangu? Kwamba nimefukuzwa kwa kufa vibaya?

Nikapata mpango. Nimwombee binti msamaha bila kutaja sababu. Nikaenda ofisini. Nikasema yule daktari ni mzuri sana, na mimi kama marehemu sina kinyongo naye. Mama Profesa akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama nina la kuongeza, fundi. Nikasema uzi mweupe umekwisha.

Uzi upo. Umejaa kabati zima.

Jumapili, 9 Machi

Mpango mpya. Nitamsingizia Kamanda. Nitasema alinitolea macho pale mlangoni, nikatishika, nikasahau maelekezo. Nimeufanyia majaribio kwa mke wangu wakati anapiga pasi, nikajifanya nasimulia habari za mtu wa kazini. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, huyo mtu mzima ana watoto? Nikasema wanne. Akasema masikini wale watoto.

Sisi tuna wanne.

Jumatatu, 10 Machi

Mshona mkanda kaumbuka. Nilikuwa nainua robota la mashuka, mkanda ukakatika pwaa, na ngiri ikatoka kama ngumi. Sikuweza kunyooka. Jasho la baridi. Kamanda ndiye aliyenisikia. Akanibeba mgongoni kupita korido nzima, huku analalamika kwamba kwa mtu aliyekula mwaka wa mtoto wa watu, kweli lazima niwe mzito. Kumbe anajua. Alinisikia naapa.

Daktari wa kwanza kufika kitandani alikuwa Kimya. Akanishika mkono, ule ule. Nikajua basi, leo ndiyo yenyewe, na huyu ndiye atakayenisindikiza. Nikakiri. Nikakiri chai, kiapo, jicho la Kamanda, uzi mweupe, mkanda wa mgongo. Nilikuwa sijamaliza nikaona Mama Profesa kasimama nyuma yake.

Kimya hakuutoa mkono wake. Aliubana tu wangu mpaka mifupa ikasogea.

Mama Profesa akasema alishuku tangu kile kiapo, ila watahini wageni hawafuti matokeo kwa kushuku kwake. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Alidhani uzi mweupe ndio mwanzo wa maungamo. Sasa atawaeleza. Binti atafanya upya Jumatano.

Ngiri wameirudisha ndani kwa mkono. Imekubali kwa sasa, lakini Ijumaa napasuliwa. Mke wangu ameitwa, akaelezwa yote. Aliuliza kitu kimoja, na mgongo je? Nikasema mgongo mzima. Akakaa akinitazama. Ningependa angenigombeza.

Jumatano, 12 Machi

Kimya amefaulu. Mgonjwa wake alikuwa Kamanda, kapewa nafasi yangu, ile ile ya chai. Amekuja wodini kunisimulia. Alikuwa ameazimia kukaza kama mimi ili tuwe sare, kisha binti akamwuliza swali moja tu, na kabla hajajua amekwisha kusema yote. Nikamwuliza swali gani. Akasema ndugu yangu, utalikuta huko huko mbele.

Jioni Kimya mwenyewe akapita. Ijumaa atanilaza yeye, Mama Profesa akisimamia. Nikamwomba radhi kwa machozi. Akasema yamekwisha, baba, ila siku ile usitie kitu mdomoni. Nikaanza kuapa. Akasema kiapo hapana, tafadhali.

Nimebadilika. Najisikia mwepesi. Sitasema uongo tena mpaka naingia kaburini, na naomba isiwe Ijumaa.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi. Mwenzangu wa kitanda cha jirani wamemchukua mapema na hajarudi. Shuka lake wamelitandua. Wanasema yupo chumba cha kuamkia. Ndivyo wanavyosema.

Mke wangu alikuwa ameacha chupa ya chai kwenye kabati, ya baadaye, nikiamka. Nikaitazama. Nikageukia ukutani. Nikaona naiona hata ukutani. Nikawaza kwamba kufa ni kufa, lakini kufa na njaa ni kufa mara mbili. Kikombe kimoja. Na mkate, ule ukingo tu, ukingo siyo mkate wenyewe. Nikapangusa mdomo kwa shuka nililoshona mimi.

Wakaja. Kimya mbele, Mama Profesa nyuma. Lakini "hapana" yangu nilikuwa nimeiandaa vizuri, nyepesi, haina kiapo, haina jasho.

Hakuniuliza kama nimekula. Alininyooshea mto. Akavuta kiti. Akauliza, kama mtu anayepiga soga na mjomba wake, eti mama watoto chai yake huwa anatia tangawizi au ni maziwa tu?

Nikasema maziwa tu, lakini leo kazidisha sukari.

Nikaziba mdomo kwa mkono. Ulikuwa na makombo.

Mama Profesa akageukia dirishani, mabega yakitikisika. Kimya hakucheka. Alinitazama machoni. Akasema baba, mara ya kwanza ulinifia kwa maigizo. Leo ungenifia kweli, na ningerudi kumwambia nini yule mama pale nje?

Nililia. Macho yote mawili.

Wamesogeza mpaka Jumatatu. Mke wangu kaichukua chupa yake bila neno, Kamanda akampokea mzigo, akamwambia shemeji pole sana, kama mtu aliyekuja msibani.

Nimetubu. Safari hii nimetubu hasa, hadi kwenye mifupa. Yule binti ni mtu mwema na sitamdanganya tena. Jumatatu akiniuliza habari za chai, nitamjibu kweli tupu, maana nimekwisha kumwagiza mke wangu asilete chai kabisa. Alete uji.