Kiondo cha Mashine ya Chifu

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Mashine ya kusafishia maji ya samaki imeanza tena. Krrrr! Kama trekta lililokwama kwenye matope ya mtaa wa Kimbo. Nilidhani ni mwanangu Kaleli anakoroma. Nikagonga mlango wake nikamwambia alale kwa ubavu. Kumbe yuko macho, anausikiliza huo mlio, macho mekundu kama nyanya.

Kaleli hufanya kazi ya usiku, kiwanda cha nguo huko Thika. Mchana ndio usiku wake. Amesema Jumapili ikifika na kelele bado ipo, tangi lote linaenda Thika kwa mama mkwe wake. Kwa Apiyo! Apiyo yule aliyesimama hapa Pasaka, akamtazama Chifu, akauliza huwa ananenepa mpaka wapi. Mtu aliyekulia ziwani akimtazama samaki hivyo hawazi maji. Anawaza nyanya na dania.

Chifu ni wangu. Rangi ya chungwa bivu, tumbo mbele, hana haraka. Wale wadogo humfuata nyuma kama wazee wa kijiji. Sijaona kiumbe anayejiheshimu hivi. Simpeani!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeikagua mashine. Kusoma kwangu ni kwa ngumbaru tu, lakini macho ninayo. Ni kopo kubwa, mota kichwani, limekaa sakafuni chini ya meza ya tangi. Mpira mmoja unashusha maji machafu, mwingine unayapandisha yakiwa safi. Maji kama ya chemchemi! Wazungu wana akili, sikatai. Akoth, mke wa Kaleli, alipewa vyote na meneja wa shamba la kahawa aliyekuwa akimpikia, siku alipofunga virago kurudi kwao.

Nikaifunga mashine blanketi. Nikaongeza koti la marehemu mzee wangu. Ikawa inanguruma ndani kwa ndani, kama mzee mwenyewe. Kufika saa ya chakula ilikuwa moto kama chapati. Akoth akaifungua mbio, akasema mama, utaunguza mota. Nikamwambia joto halijawahi kuua mtu Ukambani.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua! Mwenye kelele si mashine, ni sakafu. Kopo linatetemeka, simiti inalijibu. Nilipoliinua kwa mikono, nusu ya kelele ikaisha. Mgomvi akikosa wa kumjibu si atanyamaza?

Dawa ni kiondo. Kwetu kitu cha maana hakikai chini. Mbegu, kibuyu cha maziwa, vyote vinaning'inizwa juu, panya waone na macho tu.

Nimesuka katani kutwa. Kitako kizito, mishipi minene. Akoth alikishika, akakigeuza, akasema mama, mikono hii yako! Nikajifanya sijasikia, ndio arudie. Akarudia.

Alhamisi, 7 Agosti

Akoth amekwenda sokoni Githurai. Kaleli kalala, pamba masikioni. Nikapanda kwenye stuli, mimi na magoti yangu haya. Nikafunga kiondo kwenye boriti, juu kabisa, kichwa cha mashine kikagusa mabati. Mipira ilifika kwa kuvutwa. Nikawasha stima.

Kimya! Mlio mwembamba tu, kama mbu mwenye adabu. Kaleli amelala kama mtoto aliyenyonya. Hata pamba imemdondoka.

Na samaki! Jioni walikuja wote juu ya maji, midomo nje, wanafungua, wanafunga, wanafungua, wanafunga. Chifu mbele kama mwalimu wa kwaya. Nikavuta kiti nikaanzisha pambio la kanisani. Wakaitikia. Machozi yalinitoka. Samaki wana shukrani kuliko watu niliozaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Aiya! Nusura!

Asubuhi Chifu alikuwa amelala ubavu. Nikasema amechoka kuimba. Akoth akapiga yowe. Akaniminyia mpira: hauna maji. Akasema mama, maji hushuka kwenye mashine kwa uzito wake, sasa ukiiweka juu ya tangi yatapandaje? Samaki hawakuwa wanaimba. Walikuwa wanatafuta hewa.

Nikazima stima bila ubishi. Mara ya kwanza tangu uhuru.

Nilipiga magoti kuomba. Yeye alichukua jagi, akawa anachota maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu, anachota, anamwaga, ili yaingie hewa. Hakuchoka. Hakunilaumu. Chifu akatingisha mkia. Kisha akasimama wima, mheshimiwa wangu!

Nikajua kiondo kitakwenda jikoni kuwasha moto. Wapi! Akoth alikifunga chini ya meza, kikaning'inia bila kugusa sakafu. Akajaza maji, akawasha. Krrr! Akalipakata lile kopo, akaliinamisha huku na huku, kama mtoto aliyeshiba anayengojewa abeue. Bwaa! Mapovu yakapanda. Kumbe hewa ilikuwa imelikwama tumboni. Kimya, na maji yanatembea.

Akasema kiondo ndicho kimefanya kazi, tulikosea mahali tu. Ati "tulikosea." Kaleli hakuoa vibaya. Simwambii.

Jumapili, 10 Agosti

Apiyo kafika kutoka Thika na ndoo ya kubebea samaki. Akasimama sebuleni angojee kelele. Akangoja. Akaniuliza, mkwe mwenzangu, mmezima? Nikamwambia ainame. Akainama mpaka kilemba kikaanguka, akakiona kiondo kinabembea polepole. Alipiga makofi na vigelegele! Akasema tangu azaliwe hajaona akili kama hiyo, na kwamba Chifu ni mzuri mno, kumla ni dhambi. Mama wa watu ana moyo safi, nilisema siku zote. Vigelegele vyake vyote, na Kaleli hakugeuka kitandani.

Akauliza ni nani aliyefikiria haya. Nikasema ni mimi, mwanzo mpaka mwisho. Akoth alikuwa akimimina chai. Alitabasamu, basi. Mke mwenye adabu!

Apiyo anasema friji yake inanguruma mpaka vikombe vinatembea kabatini. Nimemwambia aache wasiwasi. Amenitanulia mikono kunionyesha upana wa hiyo friji, na katani nimeshailoweka. Kile kiondo kuwekwa chini ya meza ni woga wa Akoth tu. Friji tutaipandisha juu kabisa, kwenye boriti, kama kitu cha maana.

Akoth alipaliwa na chai ikamtoka puani. Anakohoa mpaka sasa. Kesho nitamchemshia majani ya mkaratusi.