Wazee Wanaharibu Muziki Yangu kwa Matanga

Kwa Tonton Ruphin, Président wa chama cha watu wa Yanonge, hapa Mangobo

Tonton muheshimiwa,

Nakusalimia kwa heshima yote, na mguu wako uliovimba naombea upone.

Ni mimi, mutoto wa dada yako Germaine, yule aliyeacha masomo ili masomo yapumzike. Sasa niko compositeur, mutunga muziki. Jirani yetu Franck ametengeneza mchezo wa simu: muvuvi anapanda ile miti ya wavuvi Wagenia kwenye maporomoko, anatega mitego, akiteleza maji yanamubeba. Muziki yote ni yangu. Pale muvuvi anapokufa nimeweka lokole, ile ngoma ya mti Papa Édouard anapiga kutangaza kifo. Nilimurekodi kwenye matanga ya babu: ule mwanzo tu, kabla hajataja jina la marehemu. Iko tamu, Tonton. Hata mimi nasikia baridi.

Bon. Malalamiko yangu juu ya wazee wa chama:

1. Kila Franck akipoteza mchezo na lokole ikalia, wanatoka na viti vya matanga kichwani wakiuliza nani amekufa. Nikijibu ni muvuvi wa ndani ya simu, wanauliza ni wa ukoo gani.

2. Mama Orpha wa chama analia kwa nguvu kuliko muziki. Kati yetu compositeur ni nani?

3. Jumamosi Franck, na vile vidole vyake vya mbao, alipoteza tangu asubuhi mpaka mboga ya pondu ikaiva. Wazee wakasema avenue imelogwa, wakaleta muchungaji. Muchungaji akaomba simu aone mwenyewe. Naye akapoteza.

4. Kwa fujo hiyo, Franck anataka kutoa muziki yangu aweke ya Eddy, compositeur mwingine, inayolia ting-ting kama kijiko ndani ya kikombe. Kazi yangu inakufa, Tonton, na kwa kifo hicho hakuna muzee aliyeleta kiti.

Donc naomba hivi: kwa kuwa lokole hiyo sasa ni muziki ya compositeur anayejulikana mpaka Isangi, wafu wa kweli watafute sauti ingine. Papa Édouard apige sufuria. Na mutu akipanga kufa kwa lokole, aniombe ruhusa mbele. Mimi si mubaya, nitamukubalia.

Nikingoja neno lako, nabaki mpwa wako mutiifu. Salamu kwa Tantine Fanny, kwa watoto wote, na kwa ile mbuzi iliyokula kitabu changu cha hesabu, ilinisaidia sana.

René, Compositeur

N.B. Tonton, nikiwa nafunga barua lokole imelia. Hakuna muzee aliyetoka. Mama Orpha amekaa mlangoni anachambua pondu, anasema ni Franck tena. Alors, Franck iko hapa kando yangu, na simu yake haina batterie, imezimika tangu asubuhi. Ngoma inarudia, inarudia, na avenue nzima ni mimi na Franck tu tunaojua kuna mutu amekufa kweli. Barua hii usiisome kwa chama. Nabeba kiti, nakwenda. Mama Orpha nitamuvuta mukono. Nimemwambia Franck aweke ile ya Eddy. Iko mbaya sana, lakini haimunyimi mutu matanga yake.